Michael Faraday na Kazi Yake ya Kwanza

Mwaka wa 1804, katika mji wa London, mji mkuu wa Uingereza, alikuwako mtoto mwanamume wa miaka 13, ambaye kila asubuhi alionekana akipita njiani upesi, na magazeti kwapani. Magazeti hayo hakuwa akiyauza. Zamani zile gazeti lilikuwa kitu cha ghali, kwa kuwa serikali ilitoza kodi juu ya kila nakala, na watu wengi hawakuweza kulinunua. Basi walilikodi kwa muda mfupi, wakalisoma, wakalirudisha. Kazi ya mtoto huyu ilikuwa kulipeleka gazeti nyumba ya kwanza, kisha kurudi kulichukua na kulipeleka nyumba ya pili, na baadaye ya tatu. Jina lake Michael Faraday. Alipokuwa akipita hapana aliyemtazama mara mbili. Walakini baada ya miaka mingi jina lake lilijulikana katika kila nchi yenye watu wa elimu, na hata leo, kila mahali panapowaka taa ya umeme, lipo jambo alilolivumbua yeye.

Kijana huyu hakuwa na shahada ya shule, wala mali, wala ndugu mwenye cheo wa kumsemea mbele ya wakubwa. Mara mbili katika ujana wake alitafuta kazi asiyokuwa na ujuzi nayo, na mara zote mbili akaipata. Namna alivyoipata ndiyo habari hii.

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791, mahali paitwapo Newington, upande wa kusini wa London. Baba yake, James Faraday, alikuwa mhunzi aliyetoka kaskazini ya Uingereza kuja kutafuta riziki. Na mama yake aliitwa Margaret. Yule mhunzi alijua kazi yake vema, lakini mwili wake ulikuwa dhaifu, na siku nyingi hakuweza kuinua nyundo. Fundi asiyefanya kazi halipwi. Kwa hiyo umaskini uliwakaa nyumbani kama mgeni asiyetaka kuaga. Baadaye jamaa wote walihamia katika vyumba vilivyo juu ya banda la magari ya farasi. Mwaka wa 1801 nafaka ilikuwa ghali mno, hata Michael akawa hupewa mkate mmoja tu, nao ndio uliokuwa chakula chake cha juma zima. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika, na hesabu kidogo. Na masomo yake yakaishia hapo.

Karibu na nyumbani kwao, katika njia iitwayo Blandford Street, palikuwa na duka la Bwana George Riebau, mtu aliyetoka Ufaransa, ambaye kazi yake ilikuwa kuuza vitabu na kuvijalidi. Bwana huyo alihitaji mtoto wa kutumwa, akamtwaa Michael kwa mwaka mmoja, apate kumpima. Kazi ilikuwa nyepesi kuisema lakini nzito kuitenda, maana gazeti moja likichelewa katika nyumba moja, nyumba zote zilizo mbele huchelewa. Siku ya Jumapili Michael aliamka kabla ya jua, akayapeleka magazeti yake mapema, ili apate kuyakusanya tena na kufika ibadani pamoja na wazazi wake. Mara nyingine mtu alimwambia arudi baadaye kidogo, naye ilimbidi amsihi ampe gazeti lile wakati ule ule, asije akachelewa.

Alikuwa mtoto wa kuuliza maswali mengi. Siku moja, alipokuwa akingoja mlangoni pa mtu, alipenyeza kichwa chake katikati ya vyuma vya ua, akaanza kufikiri kama yeye sasa yuko upande wa kichwa au upande wa kiwiliwili. Mara mlango ukafunguliwa ghafula, akashtuka, akajivuta, akaumia pua. Basi swali lile likaisha kwa siku hiyo.

Mwaka wa majaribio ulipotimia, Bwana Riebau alikuwa amekwisha kumjua. Siku zile mtoto aliyetaka kufundishwa ufundi alifungwa kwa hati ya mapatano kukaa na fundi miaka saba, naye mzazi wake alilipa ada ya fedha kwa fundi kabla ya mafunzo kuanza. Mhunzi mgonjwa angeipata wapi ada hiyo? Lakini tarehe 7 Oktoba 1805 hati iliandikwa, na ndani yake imetajwa ya kuwa, kwa ajili ya utumishi mwaminifu wa mtoto huyu, hapana ada itakayotolewa. Wahenga husema, chanda chema huvikwa pete. Ada ambayo baba yake hakuweza kuilipa kwa fedha, Michael alikuwa amekwisha kuilipa kwa miguu yake, mwaka mzima, nyumba kwa nyumba.

Hivyo akawa mwanagenzi. Alijifunza kukunja karatasi, kuzishona kwa uzi, kuzipiga kwa nyundo zilale sawasawa, kutia gundi, na kuvika jalada la ngozi. Mikono yake ikawa myepesi, na kazi yake safi. Lakini tofauti na mafundi wengi, yeye hakutazama vitabu kwa nje tu. Kazi ya mchana ilipokwisha alivifungua, akavisoma. Siku moja aliletewa kujalidi kitabu kimoja katika vile vitabu vikubwa viitwavyo Encyclopaedia Britannica, na ndani yake mlikuwa na habari za umeme. Akaisoma yote. Tena akasoma kitabu cha Bibi Jane Marcet, kilichoeleza kemia, yaani elimu ya asili ya vitu na jinsi vinavyochanganyika, kwa maneno ambayo hata asiyesoma sana aweza kuyafahamu.

Faraday hakuridhika kuamini jambo kwa sababu limeandikwa. Kila aliposoma habari ya jaribio, alitaka kuliona kwa macho yake, kama fedha zake zaruhusu. Fedha zenyewe zilikuwa peni chache kwa juma. Akanunua chupa kuukuu na vitu vingine vidogo, akajitengenezea mashine ya kuzalisha umeme kwa kusugua kioo. Bwana Riebau hakumkataza. Alimwacha afanye majaribio yake katika duka baada ya kazi, maana aliona ya kuwa kazi ya duka haipungui.

Mwaka wa 1810 baba yake alifariki. Mjane Margaret akapangisha wageni nyumbani apate fedha ya chakula, na Robert, kaka yake Michael, aliyekuwa mhunzi kama baba yake, akasaidia. Katika siku hizo hizo Michael aliona tangazo la mtu aitwaye John Tatum, aliyekuwa akifundisha habari za elimu ya asili nyumbani kwake nyakati za jioni. Kiingilio kilikuwa shilingi moja kwa kila somo. Michael hakuwa nayo. Robert ndiye aliyempa. Akahudhuria masomo zaidi ya kumi, na kila somo aliliandika. Kwanza aliandika maneno machache palepale. Akifika nyumbani aliyaandika tena kwa utaratibu, akichora na picha za vyombo vilivyotumiwa. Kwa ajili ya picha hizo alijifunza kuchora kwa mchoraji mmoja aliyepanga katika nyumba ya Bwana Riebau. Mwisho akazijalidi karatasi zile kwa mikono yake mwenyewe, zikawa vitabu.

Vitabu hivyo vilimfungulia mlango wa kwanza. Miongoni mwa watu waliofika dukani alikuwako Bwana William Dance, ambaye alikuwa mwanachama wa Royal Institution, chama kilichokuwa na nyumba kubwa katika njia ya Albemarle Street kwa kazi ya kuchunguza na kufundisha elimu. Alipoonyeshwa kazi ile ya mwanagenzi alistaajabu, akampa tikiti za kwenda kusikiliza masomo manne ya mwisho ya Humphry Davy, mwalimu wa kemia, aliyesifiwa sana katika Uingereza wakati ule. Davy naye hakutoka katika nyumba ya wakubwa. Baba yake alikuwa mchonga miti, na yeye mwenyewe katika ujana wake alikuwa mwanagenzi wa mganga.

Basi katika miezi ya Februari, Machi na Aprili ya mwaka 1812, Faraday alikwenda Albemarle Street mara nne. Alikaa juu, mahali palipo juu ya saa, akisikiliza na kuandika. Alipotoka, moyo wake ulikuwa umegawanyika. Kujalidi vitabu kulikuwa ufundi wa heshima wenye kulisha watu. Lakini yeye alitamani kufanya kazi ya elimu, hata kama ni kazi ya chini kuliko zote.

Lakini kazi hiyo huombwaje? Faraday hakujua. Akaandika barua kwa Sir Joseph Banks, rais wa Royal Society, chama kikuu cha wataalamu wa Uingereza, akiomba kazi yo yote. Akangoja. Kisha akaenda kwa bawabu wa nyumba ile kuuliza kama ameachiwa jibu. Akaambiwa ya kuwa barua yake haina jibu. Akarudi dukani, akaishika sindano yake tena.

Mwezi wa Oktoba 1812 miaka saba ilitimia. Faraday, sasa mwenye miaka 21, akawa fundi wa mshahara kwa Mfaransa mwingine, Bwana De la Roche. Mtu huyo alikuwa mwepesi wa hasira, naye alimpa kazi nyingi, hata Faraday hakuwa na nafasi ya majaribio yake. Akaona ya kuwa mwaka hata mwaka atakaa hivyo mpaka uzee, ikiwa hatajaribu tena. Mama yake alikuwa mjane, na mshahara wa fundi haukuwa kitu cha kuchezewa. Lakini hakuweza kuitupa haja ya moyo wake bila kubisha mlango mara ya pili.

Mara hii hakupeleka barua tupu. Alichukua maandiko yake ya yale masomo manne ya Davy, akayaandika upya kwa mwandiko safi, akachora picha zake, akayajalidi. Kitabu kikawa na kurasa zaidi ya 300. Mwezi wa Desemba 1812 akampelekea Sir Humphry Davy mwenyewe, pamoja na barua fupi ya kueleza haja yake. Tofauti ya barua hizi mbili ni kubwa. Ya kwanza ilimwonyesha mtu anayetaka kazi, na watu wa namna hiyo walikuwa maelfu. Ya pili ilimwonyesha mtu aliyekwisha kufanya kazi: ya kuwa husikiliza kwa makini, hukumbuka, huandika kwa utaratibu, huchora, na tena humaliza alichokianza. Davy hakuhitaji kuuliza maswali hayo; majibu yote yalikuwa mkononi mwake, yamevikwa jalada.

Yasimuliwa ya kuwa Davy alimwuliza mwenzake mmoja, Bwana Pepys, amfanyieje kijana huyo. Pepys akamshauri amwekee kazi ya kuosha chupa. Kama ni mtu wa kufaa, ataifanya mara moja, na kama si wa kufaa, ataikataa. Davy akajibu ya kuwa apaswa kupimwa kwa jambo lililo bora kuliko hilo. Tarehe 24 Desemba akamwandikia Faraday kwa upole, na mwezi wa Januari 1813 akamwita waonane.

Walionana karibu na dirisha, katika chumba kilicho kando ya ukumbi wa masomo. Davy alimpokea vema, lakini hakumdanganya. Alimwambia ya kuwa nafasi ya kazi haiko. Tena akamshauri asiuache ufundi wake wa vitabu, kwa kuwa elimu ni bibi mkali, awapaye watumishi wake taabu nyingi na fedha kidogo. Akaahidi kumpatia kazi za kujalidi vitabu vya chama. Faraday akashukuru, akaenda zake, akarudi kwa De la Roche.

Hata mwezi wa Februari mambo yakageuka bila mtu kutazamia. Msaidizi wa chumba cha majaribio cha Royal Institution, jina lake William Payne, aligombana na fundi wa vyombo, akampiga. Naye akafukuzwa kazi. Usiku mmoja gari zuri la farasi likasimama nje ya nyumba ya mjane Margaret Faraday, na mtumishi akashuka, akabisha hodi. Michael alikuwa juu chumbani, akivua nguo alale. Mtumishi alileta barua ya Sir Humphry Davy, ya kumtaka afike kwake asubuhi. Alipofika aliulizwa kama nia yake ni ile ile. Akajibu ya kuwa ni ile ile.

Tarehe 1 Machi 1813 wakubwa wa chama wakamwandika kazi. Mshahara wake ulikuwa shilingi 25 kwa juma, na vyumba viwili juu kabisa ya nyumba, pamoja na mishumaa na kuni za moto. Kazi yenyewe ilikuwa kusafisha vyombo, kuvipeleka ukumbini na kuvirudisha, na kumsaidia Davy katika majaribio. Wala haikuwa kazi ya usalama. Majuma machache baada ya kuanza, alikuwa akimsaidia Davy kuchunguza dawa moja ilipukayo upesi sana. Mrija mdogo uliokuwa katika vidole vyake ukapasuka, ukamjeruhi mkono na kung'oa sehemu ya ukucha. Kwa bahati alikuwa amevaa kinyago cha kioo. Faraday hakuacha kazi, akaendelea.

Tena alijaribiwa kwa jambo lililo gumu kuliko jeraha. Mwezi wa Oktoba 1813 Davy alisafiri kwenda Ufaransa na Italia, akamchukua. Mtumishi wa nguo wa Davy alikataa kwenda, basi Faraday akaombwa afanye na kazi hiyo kwa muda, mpaka mwingine apatikane. Huyo mwingine hakupatikana, na mke wa Davy akamtendea Faraday kama mtumishi wa nyumbani. Uchungu ulimpata, hata akafikiri kurudi nyumbani. Lakini akahesabu mambo mawili, aibu anayoipata na elimu anayoipata, akaona ya pili yazidi. Katika safari ile aliwaona wataalamu wakubwa kama Ampère wa Ufaransa na Volta wa Italia, akaisoma lugha ya Kifaransa na ya Kiitaliano. Walirudi London mwezi wa Aprili 1815, naye akarudishwa kazini katika Royal Institution.

Katika nyumba ile ile ya Albemarle Street alikaa zaidi ya miaka 40. Mwaka wa 1821 alimwoa Sarah Barnard, na mwaka huo huo akauonyesha uzi wa shaba wenye umeme ukizunguka sumaku, nao ndio asili ya mashine zote ziendeshwazo kwa umeme. Mwaka wa 1825 akawekwa kuwa mkuu wa chumba cha majaribio alichokuwa akikisafisha. Tarehe 29 Agosti 1831 alichukua pete ya chuma iliyozungushiwa nyuzi za shaba pande mbili, akaona ya kuwa umeme ukianza au ukikatika upande mmoja, huzaa umeme upande wa pili. Baadaye akaona ya kuwa sumaku ikiingizwa au kutolewa katika mzingo wa uzi, umeme hutokea katika uzi ule. Mitambo ya Kidatu katika Tanzania na ya Jinja katika Uganda hutumia kanuni hiyo hiyo: maji ya mto yaanguka, yageuza gurudumu, sumaku na nyaya za shaba hupitana, na umeme hupatikana.

Heshima nyingi zikamjia, lakini hazikumgeuza. Alipotakiwa kuwa rais wa Royal Society, chama kile ambacho zamani rais wake hakujibu barua yake, alikataa. Akataka kubaki Michael Faraday tu. Wala hakusahau ya kuwa yeye mwenyewe aliingia ukumbini kwa tikiti ya kupewa. Kila mwaka, wakati wa Krismasi, Royal Institution ilifanya masomo kwa ajili ya watoto, na Faraday aliyafundisha yeye mwenyewe katika miaka 19. Aliwasha mshumaa mmoja mbele yao, kitu ambacho kila mtoto amekiona, akawaonyesha ni mambo mangapi ya elimu yamo katika mwali wake.

Alifariki tarehe 25 Agosti 1867, akiwa na miaka 75, akazikwa London bila fahari, kama alivyotaka.

Mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Faraday alinyimwa jibu, akaambiwa nafasi haiko, akashauriwa abaki alipo. Lakini alipokuwa akingoja mlango ufunguliwe hakukaa bure. Na ulipofunguliwa usiku ule, kazi iliyomsemea ilikuwa imekwisha kufika kabla yake.